Mkwe wangu anataka nimzalishe nyumbani, nami naogopa

SWALI

Mwanangu wa safu hii, salaam. Nakuandikia kwa mkono wa mjukuu wangu, maana macho yangu hayawezi tena herufi za simu. Ameapa hatamwambia mtu.

Mimi ni mkunga wa jadi. Au nilikuwa, sijui niseme vipi. Kazi hii niliirithi kwa mama yangu, na baadhi ya watoto niliowapokea leo wana wajukuu. Miaka ya nyuma tuliitwa kwenye mkutano wa kituo cha afya tukaambiwa tuache, wajawazito wote wajifungulie kituoni. Niliacha. Wala sikuacha kwa kuogopa wakubwa tu. Nilishaona damu inayotoka bila kusimama, na aliyeona hilo hahitaji kuhubiriwa mara mbili.

Shida yangu ni mkaza mwanangu. Ametoka kwa watu wa mbali, lugha yetu anaibabia, na mama yake mzazi yuko huko kwao. Mimba ya kwanza alikwenda hospitali kama alivyoambiwa. Mimi nilizuiwa getini, mwanangu naye akaishia kwenye benchi la nje. Huko ndani alikaa peke yake usiku kucha. Uchungu ulipokolea alitaka kuchuchumaa, ndivyo walivyozaa mama yake na dada zake. Akaamrishwa apande kitandani alale chali. Maneno hakuyaelewa, akafokewa, akazabwa na kibao pajani. Tulipoomba kondo la nyuma tukalizike wenyewe, tulichekwa. Mtoto alitoka salama, namshukuru Mungu, ila msichana aliyerudi nyumbani hakuwa yule niliyemsindikiza.

Alilia kwa miezi. Usingizi hakuna hata mtoto akilala. Kula hataki, kuoga mpaka ashikwe mkono. Mtoto akilia anamtazama tu, kama vile ni wa jirani. Mawifi wakasema anadeka. Wengine wakasema ana mashetani, aitiwe mganga. Mimi nilikaa naye, nikamkanda mgongo, nikambebea mtoto, na taratibu akarudi. Mtu wa afya hata mmoja hakuja kumwona.

Sasa ana mimba ya miezi saba. Kliniki alikwenda mara moja, mwanzoni, hakurudi tena. Juzi alinishika mkono akaniambia, "Mama, hospitali sirudi. Utanizalisha wewe." Mume wake anasema hospitali ni lazima, na ikibidi atambeba mgongoni. Wakigombana, wote wawili hunigeukia mimi.

Kuna binti anayepita nyumba kwa nyumba, mhudumu wa afya ya jamii. Ni mtoto mzuri, nami ndiye niliyempokea. Lakini akija hukaa mlangoni, huongea na mkwe wangu tu, mimi hata kunitazama usoni anaona shida. Mara ya mwisho aliacha karatasi ya picha. Ndani yake amechorwa bibi kizee anampaka mtoto kitu kitovuni, na juu yake wamepiga mkasi mwekundu, alama ya kukataza. Nikajua huyo bibi ndiye mimi.

Nikikubali, naweza kumuua. Nikikataa, atajifungia chumbani azae peke yake, namjua. Tena liko na jingine linaloniuma: kama kuzalisha si kazi yangu tena, mimi kazi yangu ni ipi katika nyumba hii? Niambie bila kunificha.

Bibi wa Kwenye Karatasi

JIBU

Shikamoo, mama.

Umetaka nisikufiche, basi nianze na gumu: usimzalishe. Si kwamba hujui. Yaelekea unajua kuliko baadhi ya waliokukataza. Lakini damu ile uliyoiona haichagui mkono uliompokea mtoto. Mfuko wa uzazi ukikataa kukaza baada ya kondo kutoka, mama anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kinachomwokoa ni sindano ya oksitosini, ambayo hutunzwa kwenye baridi, kisha dripu, pengine damu ya kuongezewa, pengine chumba cha upasuaji. Mikono mitupu haifui dafu mbele ya hali hiyo, yangu wala yako. Na haitoi taarifa mapema. Wanawake wengi wanaomwaga damu hivyo walikuwa wazima kabisa mchana wake.

Hilo limekwisha. Sasa nije kwa mwanao, kwa sababu "nitambeba mgongoni" nalo si jibu. Mkwe wako hakatai hospitali kwa ujinga. Amekwenda, ameona, amepigwa. Mtu aliyepigwa mahali hapelekwi pale pale kwa nguvu halafu tukaita huduma. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko maalumu kuhusu jambo hili: kumtukana, kumpiga au kumdhalilisha mwanamke anayejifungua ni kuvunja haki yake. Kwa hiyo kabla hujamshawishi kwa lolote, mwambie neno ambalo nahisi hajaambiwa na mtu yeyote: waliyokutendea hayakuwa sawa, na hayakuwa makosa yako. Mwambie kwa taratibu, na ikiwezekana kwa lugha ya kwao hata kama ni kwa kubabia. Halafu nyamaza. Mwache aseme usiku ule ulivyokuwa, mwanzo hadi mwisho, hata kama umeshausikia. Mume wake naye awepo kama mwenyewe ataridhia.

Akishasema ndipo mtajua kinachomtisha hasa. Kutokana na barua yako nahisi ni vitu vinne: kuwa peke yake, kulazwa chali, kutoeleweka, na kuchekwa kwa jambo linalowahusu nyinyi. Mama, hivyo vyote vinne vinaombeka, na havimpunguzii mtoto wala mama usalama hata chembe.

Chukua hili la kuwa peke yake. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka kila mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe kukaa naye wakati wa uchungu. Tafiti 26 kutoka nchi 17, zenye wanawake zaidi ya 15,000, zilipokusanywa pamoja mwaka 2017, zilionyesha kwamba wanaokaa na mtu wa kuwatia moyo mfululizo huchukua muda mfupi zaidi wa uchungu, hupasuliwa mara chache zaidi, na ni wachache wanaotoka wakiwa na kumbukumbu mbaya. Mtu huyo si lazima awe na cheti. Anahitaji kuwa pale, kumshika, kumfuta jasho, kumnywesha maji, kumwambia kinachoendelea. Umeshaona ninakokwenda. Kazi ile unaijua tangu ujana wako, isipokuwa utaifanyia upande wa kichwani, na upande wa pili atakuwa mkunga wa kituo mwenye sindano yake.

La kulala chali nalo lina jibu. Mwongozo wa mwaka 2018 wa shirika lilelile unasema mwanamke asiye na tatizo ahimizwe kutembea na kukaa wima wakati wa uchungu, na mkao wa kusukumia mtoto auchague mwenyewe, kuchuchumaa kukiwemo. Tunaowalaza chali wote tumezoea hivyo tu kwa sababu inaturahisishia sisi kuona. Nasema "tunaowalaza" kwa kuwa nami nimevaa hilo gauni jeupe.

Kama unadhani nakupa ndoto, kuna mahali walifanya. Katika wilaya ya Santillana, mkoa wa Ayacucho nchini Peru, wanawake wa milimani wanaosema Kikechua walikuwa hawaendi kituoni: mwaka 1999 waliojifungulia huko walikuwa 6 tu katika kila 100. Wahudumu, badala ya kuwafokea, waliketi na wanawake wenyewe na wakunga wao wa jadi wakauliza wanakimbia nini. Wakaweka kamba ya kushikilia na benchi ili mama azae kwa kuchuchumaa. Wakaruhusu familia na mkunga wa jadi kuingia. Wakaongea Kikechua. Kufikia mwaka 2007 waliojifungulia kituoni walikuwa 83 katika kila 100. Milima ilikuwa ileile, na wanawake walikuwa walewale.

Sasa, hutaweza kujenga Ayacucho ndani ya miezi miwili. Unachoweza ni kwenda kituoni kabla ya uchungu. Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu familia nyingi huanza kubishana getini saa nane za usiku, na saa nane za usiku hakuna mlinzi anayebadilisha utaratibu. Nendeni mchana, siku isiyo na msongamano, wewe, mkwe na mumewe. Kama kuna kituo kingine mnachoweza kukifikia chenye uwezo wa kumpasua au gari la kumkimbiza panapoweza, angalieni hicho kwanza. Halazimiki kurudi kwenye kitanda kilekile. Mwombeni mkunga mkuu wa wodi ya wazazi, si mtu wa mapokezi. Msianze na lawama. Semeni: huyu alijifungua mara ya kwanza akaumia moyo, hajui lugha vizuri, tunataka arudi lakini anaogopa, tusaidieni. Kisha ulizeni moja moja: mama mkwe ataingia naye? Anaweza kuchuchumaa, hata juu ya godoro sakafuni? Kuna mfanyakazi anayejua lugha yake, au nani atamfasiria? Kondo tunaweza kupewa likiwa limefungwa vizuri? Hilo la mwisho linategemea kanuni za kituo, lakini likiulizwa mapema kwa heshima hupata jibu la heshima mara nyingi kuliko unavyodhani. Ombeni wamwonyeshe chumba chenyewe, akiguse kitanda, aone mlango uko wapi. Na majibu yaandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, pamoja na jina la aliyeyatoa, kwa sababu zamu hubadilika.

Wakikataa kata kata? Wakubwa wa wilaya wapo, na kamati za afya za kituo zipo mahali pengi, na wewe si mtu asiye na sauti kijijini. Wangapi umewapokea? Wapelekee wakubwa hao jambo hili.

Wakati mnajadili hayo yote, kuna jambo lisilosubiri mazungumzo. Miezi saba na kliniki mara moja! Mwongozo wa mwaka 2016 wa Shirika la Afya Duniani unataka mjamzito aonwe mara 8, na zilizo nyingi ziko kwenye miezi hii ya mwisho kwa sababu ndipo presha ya mimba hujitokeza. Haiumi, haionekani, mpaka siku kichwa kinapompasuka, macho yanaona ukungu, uso na mikono vinavimba, na kifafa cha mimba kinabisha hodi. Unaujua ugonjwa huo, hata kama mliuita jina jingine. Kipimo chake ni kile kitambaa cha mkononi na kikombe cha mkojo. Apimwe pia damu kama imepungua, kwa sababu anayeingia leba na damu kidogo hana akiba ya kumwaga. Na kama mara ya kwanza hakupimwa kaswende, virusi vya ukimwi na kundi la damu, apimwe sasa. Kliniki si wodi ya wazazi. Ukimwahidi kwamba utakaa naye ndani ya chumba cha kupimia, nadhani atakwenda.

Nije kwa yule binti wa mlangoni. Kwanza niwaambie wahudumu wenzangu mnaosoma hapa: karatasi yenye bibi aliyepigwa mkasi haijawahi kumbadilisha bibi yeyote. Inamfunga mlango tu. Mnapita nyumba ambayo mwenye uamuzi ni mama mkwe, mnaongea na mtu wa chini kabisa katika nyumba hiyo, halafu mnashangaa ushauri haufuatwi. Mwongozo wa mwaka 2015 wa Shirika la Afya Duniani kuhusu mambo haya unasema wakunga wa jadi waliopo kwenye jamii wazungumzwe nao na watafutiwe nafasi mpya ya kuwaunganisha wanawake na huduma. Haukusema wachorwe.

Na wewe mama, mwite. Mwekee kiti ndani. Anakuogopa kwa sababu wewe ndiye uliyemkata kitovu, naye amepewa kazi ya kukufundisha. Fikiria aibu yake. Mwambie, "Nieleze unachojua, nami nitakueleza ninachojua." Mkiweza, muite na wajawazito wengine wawili watatu wa hapo jirani, mkutane mara moja kwa mwezi. Si jambo la kupitisha muda. Katika wilaya ya Makwanpur, Nepal, vikundi vya wanawake vilivyoongozwa na mwanamke wa palepale vilikaa kila mwezi kuzungumza matatizo ya uzazi na kuyatafutia njia wenyewe, na utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta vifo vya watoto wachanga vimepungua kwa karibu asilimia 30.

Mtakapokaa naye, msipange mila kwenye mafungu mawili ya "za kisasa" na "za kizamani". Pimeni kila moja kwa swali moja: inamdhuru mtu? Mzazi kupumzishwa wiki nyingi huku wengine wakipika na kufua, watu wengi duniani wanayo hiyo, na sayansi haina ugomvi nayo. Sisi tunaowatoa wodini kesho yake warudi kuchota maji ndio wa kuulizwa. Kumkanda mgongo na miguu, endelea, mradi tumbo usilikamue, hasa kama amepasuliwa. Na mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma, usiukande. Hiyo huenda ni damu imeganda, ni ya hospitali. Kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi ni dawa kamili ya baridi, na bibi anaweza kumbeba hivyo mama akiwa amechoka. Kuchelewesha kumwogesha mtoto, vizuri pia. Inashauriwa angalau saa 24.

Ya kuacha ni machache, ila hayo yaacheni kabisa. Kitovu kisipakwe kitu, kiachwe kikavu, isipokuwa kituo kimewapa dawa ya klorheksidini. Mtoto asipewe maji wala dawa ya kulamba, ila maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, yakiwemo yale ya mwanzo mazito ya njano. Tumbo lisisukumwe kutoka juu ili mtoto atoke. Na dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu, mama, zile nakuomba kwa magoti. Zinaweza kuukaza mfuko wa uzazi bila kipimo hadi upasuke. Kama una mtu anazitoa hapo kijijini, kazungumze naye wewe. Mimi hatanisikiliza.

Akishajifungua, akae kituoni angalau saa 24, kisha aonwe tena siku ya pili au ya tatu, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Binti yule anaweza kuja nyumbani kwa baadhi ya siku hizo, mpangieni. Lakini kati ya siku na siku, macho yaliyopo ni yako. Pedi au kitambaa kikilowa chapachapa ndani ya saa moja, msisubiri asubuhi. Homa, harufu mbaya ya uzazi, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, hata wiki imepita tangu ajifungue, mwende. Kwa mtoto, tazama kunyonya kwanza. Aliyekuwa ananyonya vizuri akaacha, huyo ni mgonjwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mfunue kifua: kikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, au pumzi zikifika 60 kwa dakika, au akiwa wa moto au wa baridi kuliko kawaida, akistuka kwa degedege, akiwa wa manjano siku ya kwanza au manjano imefika viganjani na nyayoni, au ngozi ya kuzunguka kitovu ikawa nyekundu na usaha unatoka, ni safari ya saa hiyohiyo.

Sasa lile la kulia. Uliyoyaona mara ya kwanza yana sura zote za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ya baada ya kujifungua. Si kudeka, si mashetani. Machozi ya siku chache za mwanzo huwapata wengi na huisha yenyewe. Yakivuka wiki mbili, usingizi ukikataa hata mtoto akiwa amelala, moyo ukawa mbali na mtoto, huo ni ugonjwa na una matibabu. Aliyeugua mara moja yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua tena, kwa hiyo safari hii kituo kielezwe mapema, kuanzia siku ya kliniki. Na wewe, ulichokifanya kule nyuma bila kufundishwa kinafanana sana na kilichopimwa. Vijijini Pakistan, wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wa kawaida wasio madaktari wa akili, walifundishwa kumtembelea mama, kumsikiliza, kuchambua naye mawazo yanayomvuta chini na kuishirikisha familia. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: mtoto alipofika miezi sita, waliokuwa bado na sonona upande uliotembelewa hivyo walikuwa asilimia 23, na upande mwingine asilimia 53. Kwa hiyo mfundishe yule binti ulivyokaa na mkwe wako. Mawifi nao waambiwe kabla, si baada: usiku wa pili na wa tatu nani anaamka na mtoto, nani anapika, nani anazuia wageni.

Siku moja moja muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Kuuliza hakupandi wazo. Akijibu ndiyo, au akianza kusikia sauti na kuongea yasiyoeleweka, asiachwe peke yake hata dakika, aende hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mwanao nina dogo tu: nguvu za mgongo azipeleke kwenye usafiri. Gari la nani, dereva anaitikaje simu usiku, nani ana damu ya kuchangia, nani anabaki na mtoto wa kwanza. Mimba ya pili uchungu huenda haraka kuliko wa kwanza. Kama kituo kiko mbali na kina chumba cha wajawazito kusubiria, ahamie huko wiki mbili kabla, nawe uende naye.

Kuna usiku ambao mipango yote hushindwa na mtoto akatoka kabla gari halijafika. Ukikukuta, mpigieni simu yule binti na kituo palepale. Usimvute mtoto, usimkamue mama. Mpokee, mkaushe vizuri, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunike wote wawili na anyonye. Kitovu usikikate kama hakuna wembe mpya na uzi safi, hakina haraka. Kondo likitoka lenyewe, lichukueni muende nalo. Halafu waende kituoni wote wawili hata kama wanaonekana wazima.

Yote haya ndiyo kazi yako, mama, na kama unavyoona si ndogo. Anza na moja. Kesho au kesho kutwa, kabla ya kikao chochote cha familia, mshike mkono mkende kliniki apimwe presha na mkojo. Mwambie mkunga wa huko kwamba wewe ndiye utakayekuwa naye leba, uone atakujibu nini, kisha uniandikie.